Rudolf Diesel: mtu aliye ndani ya kila kamyo inayokataa kuwaka

Kwetu Maniema tunasema mazutu. Lakini kwenye mapipa, kwenye pompi za kuuzia mafuta na kwenye karatasi za gari, mara nyingi imeandikwa diesel. Watu wengi wanafikiri hilo ni jina la mafuta, sawa vile esansi au petroli ya taa. Kumbe ni jina la mtu. Alizaliwa, akasoma, akaoa, akapata watoto watatu, akatajirika, akafilisika, na usiku mmoja wa mwaka 1913 akapotea baharini. Aliitwa Rudolf Diesel.

Tunaleta habari zake hapa kwa sababu moja. Kati ya Kasongo na Kabambare, maisha yetu yanabebwa na baiskeli, pikipiki na kamyo. Kamyo ndiyo inaleta chumvi, sabuni, simenti na dawa za hospitali, na ndiyo inachukua mchele, kalanga na mafuta ya mawese. Siku kamyo inakataa kuwaka katikati ya pori, abiria wanalala njiani, mali inaharibika, mgonjwa hafiki. Na mara nyingi kazi ya kutafuta ugonjwa inaanzia mwisho: pompi inafunguliwa, kipande kipya kinaagizwa mbali kwa bei kali, na kamyo bado haiwaki. Yule bwana Diesel alipambana na maswali yaleyale miaka zaidi ya 130 iliyopita. Ukijua alipitia nini, unajua pia uanze kuuliza nini mbele ya moteri iliyonyamaza.

Mtoto wa wahamiaji

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 18 mwezi wa 3 mwaka 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, waliokwenda Paris kutafuta maisha. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na wa kazi za ngozi. Hawakuwa matajiri.

Mwaka 1870 vita vilitokea kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa Paris walilazimika kuondoka. Familia ya Diesel ikakimbilia London, na huko maisha yakawa magumu zaidi. Wazazi wakaamua kumtuma kijana wao Ujerumani, kwenye mji wa Augsburg, akakae kwa ndugu wa familia. Alikuwa na miaka 12. Huku mashariki ya Congo hakuna haja ya kueleza sana jambo hilo: vita vinafika, familia inatawanyika, mtoto analelewa kwa mama mdogo au kwa shangazi.

Bahati yake ni kwamba yule mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Rudolf aliingia shule ya ufundi, akawa mwanafunzi wa mbele, kisha akapata msaada wa masomo kwenda chuo cha ufundi cha Munich. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimkamata na hakuweza kufanya mtihani pamoja na wenzake. Aliufanya mwanzoni mwa 1880, na matokeo yake yalikuwa ya juu kabisa.

Munich alifundishwa na profesa Carl von Linde, mtu mkubwa katika mambo ya mashini za kutengeneza barafu. Linde aliwaonyesha wanafunzi wake aibu ya mashini za mvuke za wakati ule. Ukichoma makaa ndani yake, sehemu ndogo sana ya moto ndiyo inageuka kuwa kazi. Katika magunia 10 ya makaa, 9 au zaidi yanapotea bure kwa joto na moshi. Jambo hilo lilimkaa Diesel kichwani. Alitaka kutengeneza moteri isiyopoteza moto namna ile.

Moto bila kiberiti

Baada ya masomo, Diesel alirudi Paris kufanya kazi kwenye biashara ya barafu ya Linde. Mwaka 1883 alimuoa Martha Flasche. Mchana aliuza mashini za baridi, usiku alichora moteri yake. Kwa miaka mingi alijaribu kutumia mvuke wa amonia, na haikumfikisha mbali. Mwaka 1890 alihamia Berlin, na hapo ndipo wazo lake lilipokomaa: kutumia hewa ya kawaida, hii tunayovuta.

Wazo lenyewe si gumu. Kila mwenye baiskeli huko Wamaza au Kipaka analijua bila kwenda shule. Ukijaza upepo kwenye guruma kwa nguvu, shika pompi upande wa chini: imekuwa moto. Hewa ukiibana haraka, inapata joto. Ukiibana mara nyingi zaidi, joto linapanda mpaka kuwasha kitu. Watu wa Asia ya kusini-mashariki walikuwa tangu zamani na kifaa kidogo cha kuwashia moto kwa njia hiyo: bomba fupi, kijiti cha kusukuma, na kipande cha kitu kikavu ndani. Unapiga mara moja, unatoa, na kile kipande kinawaka. Inasimuliwa kwamba Diesel alikiona kifaa hicho akiwa mwanafunzi.

Basi, akasema moyoni: kwa nini moteri ihitaji cheche? Moteri ya esansi inabana hewa na esansi pamoja, kisha buji inatoa cheche. Diesel alitaka pistoni ibane hewa peke yake mpaka iwe moto mkali, halafu mafuta yaingizwe mwishoni kabisa, yakute moto tayari na kuwaka yenyewe. Ndiyo maana moteri ya mazutu haiko na buji ya cheche hata leo. Kiberiti chake ni hewa iliyobanwa.

Mwaka 1893, Augsburg na Kasongo

Mwezi wa 2 mwaka 1893 Diesel alipewa hati ya uvumbuzi Ujerumani. Mwaka uleule alitoa kitabu kidogo cha kueleza wazo lake, na kiwanda cha mashini cha Augsburg, pamoja na kampuni kubwa ya chuma ya Krupp, vikakubali kumsaidia kwa pesa na mafundi.

Tukumbuke kwetu kulikuwa namna gani mwaka huo. Vita vya Wabelgiji na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili vilikuwa vinawaka. Nyangwe ilianguka mwezi wa 3 mwaka 1893. Kasongo, mji mkubwa wa zamani wa Tippu Tip, ulitekwa tarehe 22 mwezi wa 4, na majeshi ya Dhanis yakaingia. Kabambare ilitekwa mwezi wa 1 mwaka 1894. Pembe za tembo zilikuwa zinabebwa na watu, kichwani na mabegani, mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, na wengi walikufia njiani. Hakuna mtu, Kasongo wala Augsburg, aliyejua kwamba chuma kinachojaribiwa Ujerumani siku hizohizo ndicho siku moja kitabeba mizigo kwenye njia hizi.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka 1893. Mafuta yalipoingia, yaliwaka kwa nguvu kupita kiasi. Chombo cha kupimia kikapasuka na vipande vikaruka. Diesel na mafundi waliponea chupuchupu. Moteri haikufanya kazi, lakini jambo moja lilithibitika: hewa iliyobanwa inawasha mafuta.

Walirudi kutengeneza. Tarehe 17 mwezi wa 2 mwaka 1894 moteri ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa muda wa dakika moja hivi. Dakika moja tu, baada ya miaka ya kuchora. Ilihitaji miaka mitatu mingine, tarehe 17 mwezi wa 2 mwaka 1897, ili profesa Moritz Schröter wa Munich aje kuipima mbele ya watu. Moteri ile ilikuwa na urefu wa karibu mita 3, silinda moja, na nguvu za farasi karibu 18. Schröter alikuta kwamba inageuza asilimia 26 ya moto wa mafuta kuwa kazi. Mashini nyingi za mvuke hazikufika hata asilimia 10. Ushindi ulikuwa wazi.

Swali lililomsumbua zaidi

Mtu anaweza kufikiri kwamba kazi ngumu ilikuwa kubana hewa. Hapana. Kazi iliyokula miaka ile minne ilikuwa hasa kuingiza mafuta.

Fikiria vizuri. Ndani ya silinda kuna hewa iliyobanwa, inasukuma kila upande kwa nguvu. Sasa unataka kuingiza tone dogo la mafuta humo. Lazima uyasukume kwa nguvu kuliko ile hewa. Lazima yaingie kama ukungu mwembamba, si kama matone, ili yashike moto mara moja. Lazima yawe kiasi kilekile kila mara. Na lazima yaingie kwa wakati wake, si mapema, si kwa kuchelewa. Ukikosa moja tu kati ya hayo, moteri inatoa moshi, inagonga au inanyamaza.

Diesel alijaribu kusukuma mafuta moja kwa moja kwa pompi. Mafundi wa wakati ule hawakuweza kutengeneza pompi ndogo yenye usahihi wa kutosha. Basi akatumia njia nyingine: kompresa kubwa pembeni, inayopuliza mafuta ndani pamoja na hewa yenye nguvu. Ilifanya kazi, lakini kompresa ilikuwa nzito na inasumbua. Moteri ya namna hiyo ingeweza kukaa kiwandani au melini. Kwenye kamyo, haiwezekani.

Kuuza kabla ya kumaliza

Habari za asilimia 26 zilienea haraka. Viwanda vya nchi nyingi vikaja kununua haki ya kutengeneza moteri hiyo. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa marki milioni 1 kwa haki za nchi yake. Kwa muda mfupi mtoto wa fundi wa vitabu akawa milionea, na baadaye akajenga nyumba ya fahari Munich.

Lakini moteri ilikuwa bado mtoto. Ya kwanza ya biashara ilipelekwa mwaka 1898 kwenye kiwanda kimoja huko Kempten. Ajabu ni kwamba kiwanda hicho kilikuwa cha kutengeneza viberiti, na moteri yenyewe ilikuwa isiyohitaji kiberiti. Ilisumbua sana. Mahali pengine vilevile: kompresa zinaharibika, mafuta yanaziba njia, wenye viwanda wanakasirika. Wapinzani walisema wazo si lake. Kesi zikafuatana. Mwaka uleule wa 1898 Diesel alianguka kwa uchovu wa akili na akalazwa. Kampuni aliyoanzisha Augsburg kutengeneza moteri zake haikufanikiwa, na mwisho ikafungwa.

Hapa kuna somo ambalo mafundi wetu wanalijua kwa uchungu. Moteri ikisumbua mbele ya mwenye mali, kila mtu anatafuta mtu wa kulaumu, wachache wanatafuta sababu. Wahandisi wa Augsburg walichagua kutafuta sababu, kipande kwa kipande, na polepole moteri ikakomaa. Mwaka 1912 meli kubwa Selandia ya Denmark ilivuka bahari kwa moteri za diesel, bila bomba refu la moshi, na watu wakashangaa bandarini.

Kalanga na mawese

Diesel hakuwa mtu wa chuma tu. Alitaka moteri yake imsaidie fundi mdogo, seremala, mwenye kiwanda kidogo, asimezwe na matajiri wenye mashini kubwa za mvuke. Mwaka 1903 alitoa kitabu juu ya ushirika wa wafanyakazi. Watu wachache walikinunua. Lakini ukiona leo mashini ya kusaga mihogo katika kijiji cha mbali, moteri ndogo moja, mama kumi wanangoja na mabeseni, unaona kitu karibu na ndoto yake.

Jambo lingine linatugusa. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, moteri moja ndogo ya diesel iliendeshwa kwa mafuta ya kalanga. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yanaweza kujitafutia nguvu kwa mazao yao wenyewe. Diesel alilipenda wazo hilo na alilizungumzia tena miaka ya mwisho ya maisha yake. Baadaye, mwaka 1937, mtaalamu wa chuo kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipata hati ya Ubelgiji ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa mafuta ya moteri, na mwaka 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Louvain lilitembea nayo.

Tuseme wazi ili mtu asiharibu gari: mawese yale yalikuwa yamebadilishwa kwanza kwa kazi ya kemia. Mawese ya chungu yanaganda, yanaziba filtri na kuchafua enjekteri. Usiyamimine kwenye rezervwari ya kamyo.

Usiku wa kutoka Antwerp

Pesa za Diesel zilitoka kama zilivyoingia. Aliweka mali kwenye visima vya mafuta na kwenye viwanja, akapoteza. Kesi zilikula nyingine. Mwaka 1913 watu walimwona bado kama tajiri na mtu wa sifa, lakini nyumbani madeni yalikuwa yamezidi mali.

Jioni ya tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 1913 alipanda meli Dresden kwenye bandari ya Antwerp, Ubelgiji, ile ambayo wazee wetu wanaijua kwa jina la Anvers, kwa sababu huko ndiko meli za Congo zilikuwa zinatoka. Yeye alikuwa anaenda Uingereza kwa mkutano wa kampuni ya moteri. Alikula na wenzake, akazungumza nao, na kama saa 4 za usiku akaenda chumbani. Aliomba aamshwe asubuhi mapema. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Nguo za kulalia hazikuvaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa juu ya meli, karibu na vyuma vya ukingo.

Siku 10 baadaye mashua ya Waholanzi iliona maiti baharini. Mabaharia walichukua vitu vidogo kutoka mifukoni kisha wakauachia mwili maji. Mtoto wake Eugen alivitambua vile vitu: vilikuwa vya baba yake. Alikuwa na miaka 55.

Magazeti ya wakati ule yaliandika mengi: kwamba aliuawa na wenye visima vya mafuta, au na watu wa serikali wasiotaka siri za moteri zifike Uingereza. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imebaki chini ya mwaka mmoja. Hakuna ushahidi uliomaliza mjadala huo. Madeni yake yalikuwa ya kweli, na wengi wanaofuatilia maisha yake wanaona alijitupa mwenyewe. Alikufa bila kuona hata kamyo moja ya mazutu sokoni.

Waliomalizia kazi

Kamyo ilihitaji watu wengine. Mwaka 1909 Prosper L'Orange, wa kampuni ya Benz, alipata njia ya kuwasha mafuta kwanza ndani ya chumba kidogo pembeni ya silinda, bila kompresa. Miaka ya 1923 na 1924 viwanda vya Ujerumani, Benz na MAN kati yao, vilitoa kamyo za kwanza za diesel. Na mwishoni mwa mwaka 1927, Robert Bosch wa Stuttgart alianza kuuza kile kilichomshinda Diesel: pompi ndogo ya chuma, iliyokatwa kwa usahihi mkubwa, inayosukuma mafuta peke yake bila hewa. Diesel alikuwa amekufa miaka 14.

Pompi hiyo, pamoja na ndugu zake waliofuata, ndiyo iko ubavuni mwa kamyo nyingi za zamani zinazopanda kutoka Kindu mpaka Kasongo, na kutoka Kasongo mpaka Kabambare na Salamabila. Enjekteri za kamyo hizo zinafunguka kwa nguvu ya baa 200 hivi. Guruma la kamyo linajazwa baa 8. Yaani ni nguvu ya guruma mara 25, ndani ya tuyo nyembamba kama kidole cha mtoto.

Maswali ya Diesel mbele ya kamyo iliyokataa

Sasa turudi njiani. Haya tunayoeleza ni ya kamyo za zamani zenye pompi ya chuma tupu, isiyo na kompyuta. Kwenye kamyo mpya za elektroniki usilegeze tuyo yoyote ya mafuta: nguvu yake inapita baa 1,000 na inaweza kukata mwili.

Swali la kwanza: hewa inabanwa haraka? Hiki ndicho kiberiti. Kama demareri inazungusha moteri polepole, hewa inavuja na kupoa kabla ya kuwa moto, na hata mafuta mazuri hayatawaka. Angalia batri. Safisha vichwa vyake. Angalia waya mnene unaofunga batri na chuma cha gari, maana ukilegea au ukiota kutu, batri nzima inaonekana mbovu bure. Usishikilie demareri zaidi ya sekunde 10 au 15, iache ipumue. Filtri ya hewa iliyojaa vumbi la barabara nayo inanyima moteri pumzi.

Swali la pili: mafuta yanafika? Mtu mmoja awashe, mwingine atazame bomba la moshi. Kama hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayaingii kwenye silinda. Kama unatoka moshi mweupe lakini moteri haishiki, mafuta yanaingia, joto ndilo halitoshi au wakati si wake. Jicho moja kwenye bomba la moshi linaokoa siku nzima ya kufungua vitu.

Ikiwa hakuna moshi, fuata njia ya mazutu tangu mwanzo wake. Rezervwari iko na kitu? Waya wa kuzimia moteri umerudi mahali pake, au umekwama na pompi imebaki imefungwa? Filtri imeziba? Kuna maji? Mazutu yetu mengi yananunuliwa kwa bidoni kando ya barabara, na maji yanakaa chini. Fungua bulo ya chini ya filtri, pokea kwenye chupa nyeupe, ngoja dakika chache: maji yatajitenga chini ya mazutu. Maji hayo ni hatari, kwa sababu vyuma vya ndani ya pompi vimekaribiana kuliko unene wa unywele, na kutu kidogo inavikwamisha.

Kisha hewa. Adui mkubwa wa pompi ya zamani ni hewa kwenye tuyo. Rezervwari ikikauka mara moja, au tuyo ikiwa na ufa mdogo, hewa inaingia, na pompi inabana hewa badala ya kusukuma mazutu. Legeza bulo ya kutolea hewa juu ya filtri, piga pompi ya mkono mpaka mapovu yaishe na mazutu yatoke safi, kaza. Fanya vilevile kwenye pompi kubwa. Mwisho, legeza kidogo nati za tuyo kwenye enjekteri na uzungushe moteri: mazutu lazima yadundadunde hapo. Yakidunda, kaza nati zote, jaribu tena. Usiweke kamwe mkono mbele ya enjekteri inayopuliza. Ukungu ule unapita ngozi, na jeraha dogo linaweza kumgharimu mtu kidole au mkono.

Swali la tatu: mafuta yanaingia kwa wakati wake? Hili linaulizwa kama pompi ilitolewa na kurudishwa karibuni. Jino moja la giya likikosea, moteri itatoa moshi na kugonga. Kama hakuna aliyegusa pompi na jana gari ilitembea vizuri, ugonjwa mara chache unatoka huko. Usiifungue.

Swali la nne: moteri imechoka? Ukitoa kifuniko cha mafuta ya moteri wakati inazunguka na moshi unapumua hapo kwa nguvu, pete za pistoni zinaachia hewa. Kiberiti kimelowa, na hapo kweli fundi mkubwa anahitajika.

Na dawa ya kupulizia, ile ya eteri? Inaamsha moteri, ndiyo, lakini inawaka mapema na kwa nguvu, kama lile jaribio la mwaka 1893. Imevunja pistoni nyingi. Tena moteri inayoizoea haijatibiwa, imefichwa ugonjwa.

Rudolf Diesel alikuwa na pesa za viwanda viwili vikubwa nyuma yake, na bado ilimchukua miaka minne kujibu maswali hayo. Shofere wetu porini yuko na ufunguo namba 17, chupa tupu, pompi ya mkono na abiria 30 wanaomtazama. Lakini faida moja anayo: majibu yameshapatikana. Anachotakiwa ni kuuliza kwa mpangilio, hewa kwanza, mafuta pili, wakati tatu, kabla ya kumtuma mtu mjini kununua pompi ambayo haikuwa na kosa.